Fundi wa Ndege Nyeusi

Kila ndege ilipopita juu ya Temeke, watu wote walitoka nje isipokuwa Fundi. Wanawake waliacha vyungu jikoni, wazee waliacha bao, aliyekuwa chooni alitoka huku anafunga kikoi, na sote tukasimama barabarani na viganja juu ya macho mpaka sauti iishie upande wa baharini. Yeye alibaki barazani, kichwa chini, anapiga msasa. Ukimwuliza, "Fundi, umeiona?" alijibu, "Nimeisikia." Kisha alikutajia kama ilikuwa ya injini moja au mbili. Waliotoka kuitazama kwa macho mara nyingi walikuwa hawakuhesabu.

Na huyu ndiye mtu aliyekuwa akichonga ndege. Kwa kutafuta riziki alitengeneza vitanda, viti na fremu za madirisha, lakini ukipita barazani kwake saa yoyote ambayo hakuwa na kazi ya mtu, ungemkuta ameshika ndege ya mbao, mara ndogo kama njiwa, mara pana kama sinia la pilau. Siwezi kusema alizipenda. Nimelifikiria neno hilo kwa miaka mingi na bado silioni likimkaa.

Mimi na mume wangu Petro tulipanga chumba katika nyumba yake miaka michache baada ya vita. Petro alikuwa karani kwenye maghala ya bandarini. Tulikuwa tumetoka bara, Wakristo wawili katika nyumba ya Waislamu wa pwani. Mkewe Fundi, Bi Tatu, alinipokea siku ya kwanza, akanionyesha kisima, akanionyesha uani mahali pa kupikia, kisha akanionyesha mlango wa chumba chetu, ambao haukufunga.

"Mlango huu umeshuka," nikamwambia.

"Mwenye nyumba ni seremala," akasema Bi Tatu. "Usitegemee."

Tulikaa katika chumba kile miaka saba. Mlango haukutengenezwa. Tuliufunga kwa kamba ya katani. Lakini mtu yule yule angeweza kukaa kutwa nzima kwenye bawa moja la ndege, anasugua, anainua kwenye mwanga, anasugua tena, na mwisho anasema bado.

Msasa wa dukani hakuutaka kwa kazi ile. Alisema unakwaruza. Alikuwa akienda Kunduchi kwa wakwe zake, anarudi na vipande vya ngozi ya papa iliyokaushwa, na hivyo ndivyo alivyosugulia. Mbao yake ilikuwa ya msufi, nyepesi na nyeupe, laini kiasi kwamba ukucha ukiibonyeza unaacha alama. Kwa mafundi wengine msufi ni mti usio na maana, haufai hata kwa kuni. Yeye aliutafuta mpaka Mbagala. Gundi yake ilikuwa ya kwato, aliipasha katika kopo kwenye jiko la makaa la Bi Tatu, na harufu yake iliingia katika mchuzi wetu, katika nguo zetu, katika nywele. Petro aliponiuliza mara ya kwanza ni nini kinanuka, nikamwambia ni ndege.

Kipimo chake kilikuwa kimoja. "Inchi moja hapa," alisema, akionyesha mkononi, "ni futi sita kule." Kule alikuonyesha kwa kidevu tu, hakutazama juu. "Ukikosea urefu wa punje ya mchele hapa, kule umekosea dhiraa nzima." Karatasi ya mchoro sikuwahi kumwona nayo. Vipimo vyote alikuwa navyo kichwani, na ungemwuliza urefu wa mkia wa ndege fulani angekujibu papo hapo, wakati tarehe aliyofunga ndoa ilimbidi amwulize mkewe.

Alikuwa na maneno yake machache. Kijana akija kumharakisha kitanda cha harusi, alimwambia, "Mbao imesubiri miaka arobaini kuwa mti. Wewe huwezi kusubiri Ijumaa?" Mtu akimsifu, alisema, "Tazama chini kwanza." Alimaanisha tumbo la ndege, upande ambao wachongaji wavivu huuacha bila kumaliza. Na kila kazi ikiharibika, hata iwe imeharibika namna gani, alisema neno moja tu: "Haya."

Na kazi hiyo iliharibika mara nyingi. Mvua za masika zilipoingia, mbao ilikunywa unyevu ikavimba, gundi ikalegea, na asubuhi ungekuta ndege iliyolala salama imeinamisha mabawa kama kuku aliyenyeshewa. Haya. Mwaka mmoja mchwa walipanda kwenye mguu wa meza wakala ndege tatu kwa ndani, wakaacha ngozi ya rangi tu. Aliposhika moja ilibonyea mkononi mwake kama andazi. Haya. Mbuzi wa jirani alitafuna mkia. Mwenye duka moja la baiskeli mjini alimwomba amtengenezee ndege kubwa ya kutundika dukani, na Fundi aliifanyia kazi miezi mitano. Ilikuwa nzuri, watu waliingia dukani kuitazama wakatoka bila kununua kitu. Mwezi wa nne tangu itundikwe kamba ikakatika, ndege ikaangukia kibati cha grisi, mabawa yakavunjika yote mawili. Yule bwana alikuja mwenyewe kwa gari hadi Temeke kuomba radhi, amefadhaika kweli. Fundi alizipokea zile mbao, akazigeuza, akatazama palipovunjika.

"Haikuvunjika kwenye gundi," akasema. "Umeona? Imevunjika kwenye mbao." Hilo tu ndilo aliloliona la kusema, na nadhani lilimridhisha.

Kulikuwa pia na maonyesho ya kazi za mikono katika shule moja mjini. Petro ndiye aliyemshawishi apeleke ndege yake, ya injini nne, aliyoipaka rangi ya fedha. Tulikwenda naye, mimi, Petro na Bi Tatu aliyevaa buibui jipya. Mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akitoa zawadi aliishika ndege, akaigeuza, akamwuliza kwa Kiswahili chake, "Nani amekutengenezea?"

"Mikono," akajibu Fundi.

"Mikono ya nani?"

Fundi akamwonyesha yote miwili, viganja juu, kama mtoto anayekaguliwa kucha. Akapewa zawadi ya pili. Ya kwanza ilichukuliwa na kikapu. Petro alikasirika njia nzima ya kurudi, anasema ni dharau, kikapu gani cha kushinda ndege. Fundi alitembea mpaka tulipokaribia Chang'ombe, ndipo aliposema, "Kile kikapu hakikuwa na kosa. Nimekitazama chini. Ndege yangu ina kosa kwenye mkia."

"Nani aliliona?" akauliza Petro.

"Petro, mimi nililiona."

Sasa nitasema juu ya ndege nyeusi, maana bila hizo huyu angekuwa seremala mwenye mchezo wake tu, na Dar es Salaam haijakosa watu wenye michezo yao.

Ndege nyingine zote alizotengeneza alizigawa, au aliziuza, au zilikaa darini mpaka zikafa zenyewe. Lakini palikuwa na aina moja aliyoirudia mwaka nenda mwaka rudi. Ilikuwa ya injini mbili, ndogo, urefu wa shibiri yangu moja. Aliipaka nyeusi yote, kwa masizi ya sufuria aliyoyachanganya na gundi, bila alama, bila dirisha, kama kivuli kilichokatwa. Ikikauka, aliiweka juu ya kipande cha kioo, akapima kwa kabari ndogo chini ya kila ncha ya bawa. Alipima mara tatu. Kisha aliibeba hadi uani, akaiweka juu ya kigogo cha kupasulia kuni, akaipasua kwa shoka. Bi Tatu alizichukua zile mbao akawashia moto wa chai, bila kumwuliza kitu.

Mara ya kwanza nilipoona nilipiga kelele. Bi Tatu akanishika mkono. "Mwache," akasema. "Hiyo si ya kuiweka."

Majirani walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema vita vilimharibu kichwa. Wengine walisema ana jini la Kizungu linalotaka ndege kila mwezi. Yeye mwenyewe alikwenda msikitini, alilipa kodi, alisuluhisha ugomvi wa wapangaji, alikata kucha kila Alhamisi. Hakuwa na dalili nyingine ya wazimu, kwa hiyo watu walichoka kumzungumzia.

Binti yetu Anna alizaliwa katika nyumba ile, na Bi Tatu ndiye aliyempokea. Akafia katika nyumba ile ile, hajafika miaka mitatu, baada ya homa ya siku tano. Nalisema hili kwa kifupi kwa sababu wakati ule pia nililisema kwa kifupi. Watu walikuja, wa kanisani na wa mtaani. Waliniambia ni mapenzi ya Mungu, na mimi niliitikia. Sikulia. Nilikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake usiku kucha: mkono upo, unauona, lakini si wako.

Sisi Wakristo tunazika kwa sanduku. Petro alikuwa amekaa barazani hajui aanzie wapi, na Fundi akaja akasimama mbele yetu na kamba ya kupimia. Hakusema pole. Alisema, "Naomba nimwone." Akaingia chumbani, akapima, akatoka. Yule mtu wa miezi mitano kwa ndege moja alilimaliza lile sanduku kabla ya alasiri. Nilikwenda kusimama karibu naye kwa sababu ndani kulikuwa na watu wengi. Alikuwa anasugua kwa ngozi ya papa, upande wa ndani, chini, mahali ambapo mtoto angelazwa na ambapo hakuna mtu ambaye angepaona tena. Alisugua, akapapasa kwa kiganja, akasugua tena. Nilimtazama mpaka akamaliza. Ndicho kitu pekee ninachokikumbuka vizuri cha siku ile.

Baada ya hapo wanawake wa mtaani waliacha kuniita Mama Anna. Walifanya hivyo kwa huruma, wasinitoneshe. Waliniita Mama, au mke wa Petro. Fundi hakuacha. Kila asubuhi nilipotoka nikamwamkia, "Shikamoo, Fundi," alijibu, "Marahaba, Mama Anna. Umeamkaje?" Sikujua kama nampenda kwa hilo au namchukia. Nilijibu nimeamka salama.

Ilikuwa miezi kama mitatu baadaye, Petro yuko kazini, Bi Tatu amekwenda sokoni, mimi nimekaa barazani mikono mapajani. Nilikuwa nikikaa hivyo mpaka jua lihame. Fundi alikuwa anaunganisha mabawa ya ndege nyeusi, gundi bado ya moto, na nadhani alikosa mkono wa tatu.

"Shika hapa," akasema.

Nikashika. Nilishika muda mrefu, gundi inapoa, vidole vinaniuma, na maumivu yale hayakuwa mabaya. Tangu siku ile nilikuwa nikimshikia. Hatukuzungumza sana. Alinifundisha kuona: kwamba mabawa ya ndege ile hayakulala sawa, yalinyanyuka kidogo kuelekea ncha, kama mikono ya mtu anayeanza kuomba dua. Alinifundisha kwamba gundi ikikauka inavuta, kwa hiyo bawa ulilolipima sawa jioni linaweza kuwa limelala asubuhi. Kupima wakati bado bichi ni kujidanganya.

Siku moja tulipima, ikawa sawa kabisa, kabari zote mbili ziliingia bila kusukumwa. Nikafurahi, nilihisi kitu kama furaha. Akainuka akaenda uani na shoka.

"Fundi," nikasema, "hii haina kosa!"

"Ndiyo. Haina."

"Sasa mbona unaipasua?"

Akaiweka ndege juu ya kigogo, lakini hakushusha shoka. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, shoka magotini, akaniambia. Aliniambia kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza habari za gundi.

Wakati wa vita alikuwa fundi katika karakana ya jeshi huko Mombasa. Kazi yao ilikuwa kuchonga ndege, za kwetu na za adui, zote kwa kipimo kimoja, zote nyeusi, kwa sababu askari wa mizinga akitazama juu haoni rangi, anaona kivuli. Zilipelekwa kambini, zikatundikwa kwa nyuzi, askari wakafundishwa: hii iache, hii ipige. Palikuwa na ndege mbili za injini mbili zilizofanana sana. Ya kwetu mabawa yalinyanyuka. Ya adui yalilala. Ya kwetu alipewa yeye kuichonga, sita kwa mpigo.

"Tukasikia," akasema, "askari wetu wameangusha ndege yetu, ya aina ile ile. Walikuwamo watu watatu. Kesho yake akaja bwana mkubwa mmoja pale karakana. Hakusalimia. Akaenda stoo, akatoka na zile sita zote, nikajua zimerudishwa kutoka kambini, akaondoka nazo. Hakuniuliza kitu. Hakunifunga. Hakunipiga. Wiki ile ile nikapewa kazi ya masanduku ya risasi, na ndege sikupewa tena."

"Kwa hiyo zilikuwa na kosa?"

"Sijui, Mama Anna. Nilizipima jioni, zikachukuliwa asubuhi kupelekwa kambini. Zilikuwa mbichi. Ndiyo maana nauliza huu mkono." Akautazama mkono wake wa kulia, si kwa hasira. "Mara unapatia, mara unakosea. Nimeutazama miaka. Lakini ya leo haiwezi kuniambia siku ile ulikuwa upi. Kwa hiyo sawa au si sawa, kwangu ni kuni."

Akainuka, akaipasua.

Nilimsimulia Petro. Petro ni mtu mwema, akasema Fundi aambiwe si kosa lake, vita ni vita. Nilimwomba asimwambie hivyo, naye hakumwambia.

Sitaki nimwache hapo, maana palikuwa na siku nzuri, na nisipoisema nitakuwa nimemdhulumu. Mwaka wetu wa mwisho pale Temeke nilimwomba atengeneze ndege ya kuruka yenyewe. Alikataa miezi miwili, kisha siku moja nikamwona amekaa na ufagio wa Bi Tatu, anauchomoa chelewa moja moja. Alijenga mifupa ya ndege kwa chelewa, akaivika karatasi za vishada, nyekundu na njano, akaweka propela ya msufi na mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Mara tano tuliirusha, mara tano ikaanguka: pua nzito, mkia mzito, mpira ukakatika ukamchapa usoni, propela ikageuka upande wa nyuma, na mara moja ilianguka bila sababu yoyote. Haya, haya, haya. Alirudi barazani akaanza upya kila mara.

Mara ya sita ilikuwa Ijumaa alasiri, watu wametoka msikitini, uwanja umejaa. Fundi akausokota mpira, akanipa ndege. "Irushe wewe," akasema. Nikaiachia. Ikashuka kidogo, moyo ukanishuka nayo, kisha ikapanda. Ikapanda juu ya vichwa, juu ya mapaa ya madebe, ikazunguka, na watu wa Temeke wakapiga vigelegele kama harusi. Bi Tatu alikuwa anaruka na ushungi umemwanguka mabegani. Nilipogeuka kumtazama Fundi, nikamkuta amesimama katikati ya watu wote wale, ametupa mgongo, macho chini.

"Imefika wapi?" akaniuliza.

"Inazunguka, Fundi! Iko juu ya nyumba ya Mzee Shomari!"

"Bawa la kushoto?"

"Liko sawa."

"Na sasa?"

"Inashuka. Inashuka polepole. Imetua kwenye muhogo."

Akaitikia kwa kichwa mara moja. Ndipo akageuka. Alikuwa ametokwa jasho kama aliyekimbia. Jioni ile alikula sahani mbili, Bi Tatu alinionyesha sufuria tupu kwa fahari, na wiki tatu nzima hakuna ndege nyeusi iliyochongwa katika nyumba ile. Wiki ya nne nikasikia ngozi ya papa inasugua.

Petro akapata uhamisho, tukaenda Morogoro. Nilipata watoto wengine wawili, wazima, wanasoma. Habari za Temeke zilinifikia kwa vipande. Bi Tatu alifariki. Nyumba Fundi alimwachia ndugu yake. Fundi alihamia Kunduchi kwa jamaa za marehemu mkewe. Nilisikia habari ya Bi Tatu nikiwa naosha vyombo, nikamaliza kuosha.

Miaka michache kabla ya Uhuru nilikuja Dar es Salaam kumwuguza shemeji yangu, na siku moja ya nafasi nikapanda gari la Bagamoyo asubuhi nikashuka Kunduchi. Nilimkuta kwa kuuliza. Alikuwa amekaa nje ya kibanda karibu na mahali wanapoanika dagaa, amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Amekonda. Mikono haikuwa na kitu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akanitazama, akavua miwani, akanitazama bila miwani. "Mama Anna. Karibu, karibu. Petro hajambo?"

Akaniletea kiti, akamwita binti wa shemeji yake atuletee chai. Tulizungumza habari za Bi Tatu, alivyougua, alivyozikwa. Nilimpa pole naye akapokea. Tukazungumza bei ya nazi. Kisha nikamwuliza kama bado anachonga.

"Nimeacha. Huu mwaka wa pili."

"Macho?"

"Hapana, naona." Akakoroga chai. "Alikuja mtu. Mwenzangu wa karakana, Mkamba, alikuwa dereva wetu pale Mombasa. Amekuja na meli, akanitafuta mpaka akanipata. Tukala, tukakumbushana watu. Nikamwuliza zile ndege sita. Akacheka, Mama Anna. Akasema, 'Zile? Zile hazikuwahi kufika kambini. Lori langu liliharibika, zikakaa stoo wiki mbili. Wale askari walifundishwa kwa picha za karatasi. Yule bwana mkubwa alikuja kuzichukua azipeleke, na walikuwa wameshachelewa.'"

Nikasema, "Alhamdulillahi," mimi Mkristo.

"Nami nilisema hivyo." Akanywa chai. "Nilidhani nitalia. Nilingoja. Nikamsindikiza mgeni, nikarudi, nikala wali uliobaki, nikalala. Asubuhi nikaangalia kama kuna kitu. Hakuna. Miaka yote ile nimelibeba, kisha naambiwa si langu. Sasa nilitue wapi? Mwenyewe nani?" Alisema bila uchungu, kama mtu anayeuliza njia. "Na ukipima vizuri, kama zingefika, pengine wangeijua ile ndege. Lakini hilo nalo si langu. Ni la lori."

Wavuvi walikuwa wanapita na matenga, wanamsalimia, anaitikia. Nilitazama mikono yangu. Na sijui kwa nini ilikuwa pale, katika harufu ile ya dagaa, baada ya miaka minane ya kutomwambia Petro, wala padri, wala Bi Tatu aliyelala nami chumbani usiku wa msiba.

"Fundi," nikasema, "mimi nilichelewa."

Hakuniuliza nimechelewa wapi. Akaweka kikombe chini.

"Siku ya pili Bi Tatu aliniambia nimpeleke Anna hospitali. Nikasema tungoje, homa itashuka. Nilimpeleka siku ya nne, wakaturudisha nyumbani."

Nilingoja aniambie. Nilikuwa nayajua yote ambayo mtu angeweza kuniambia, nilikuwa nimeyaitikia yote kwenye msiba. Hakusema Mungu ndiye apangaye. Hakusema hata ningewahi isingesaidia. Alivaa miwani yake, akaupitisha uzi nyuma ya masikio, akasogeza kiti chake karibu na changu.

"Homa ilianza lini?" akauliza. "Asubuhi au jioni?"

"Jioni. Jumapili."

"Alikula nini siku ile?"

"Uji. Hakumaliza."

"Haya. Anza hapo. Usiruke kitu."

Nikaanza na Jumapili. Nilimwambia uji ulikuwa wa nini, nani alikuja kututembelea, saa ngapi nilimgusa shingoni nikahisi joto. Alikuwa akinikatiza: dirisha lilikuwa wazi? Alikunywa maji? Nilijibu. Nilikuwa nayakumbuka yote. Nikafika Jumatatu, na yale Bi Tatu aliyoniambia akiwa amesimama mlangoni, na nilivyomjibu, kwa maneno yale yale. Sauti yangu ilianza kukatika nikashangaa, kama mtu anayesikia mtu mwingine akikohoa chumbani mwake. Fundi hakunitazama usoni. Alikuwa anatazama chini, anasikiliza.

Kule barabarani gari la kurudi mjini lilipiga honi, likapiga tena, abiria wakakimbilia. Mimi nilikuwa bado nipo siku ya tatu.